Namlisha aliyeezua jiko langu

Shangazi,

Ni saa tisa usiku, mvua haijakatika na usingizi umenikataa. Usinihukumu kabla hujamaliza kusoma. Mimi si mtu wa kinyongo, uliza yeyote hapa Malava.

Ni shemeji, kaka mkubwa wa marehemu. Tulizika 2019. Matanga hayajaanuliwa, wageni bado uani, akapanda juu ya jiko langu na nyundo akaezua mabati 18, moja baada ya jingine, akiyatupa chini watu wakitazama. Eti mali ya ndugu yake. Yalinunuliwa kwa pesa za miwa, na miwa hiyo niliipalilia mimi, mtoto mgongoni. Hakuna aliyefungua mdomo. Msimu mzima nilipikia chini ya turubai.

Chifu aliniambia mjane ana haki zake katika Sheria ya Urithi. Sawa, lakini nauli ya kwenda kortini Kakamega kila kesi inapotajwa ningeitoa wapi? Nikamwachia Mungu. Nilisamehe. Nasema nilisamehe.

Sasa kisukari kimemfanya akatwe mguu. Mkewe amerudi kwao, wanawe wako Nairobi na simu hawashiki. Mchungaji akahubiri Warumi 12: "Adui yako akiwa na njaa, mlishe." Nilihisi kanisa zima limenigeukia. Hii ni wiki ya tano nampelekea chakula. Ugali wa wimbi, na mboga naipunguza chumvi kwa sababu ya ugonjwa wake. Ni nani mwingine angemfanyia hivyo?

Naketi pale chini ya mabati yangu. Nayajua, marehemu aliweka alama ya rangi ya buluu kwenye pembe ya kila bati. Shemeji anakula, anasema mboga haina chumvi, ananirudishia sahani. Habari ya mabati hajawahi kuitaja. Hata siku moja.

Mstari ule unaendelea kusema kwamba nikimlisha nitampalia makaa ya moto kichwani pake. Mchungaji alieleza kuwa makaa ni aibu inayomleta mtu kwenye toba. Basi mimi nayangoja. Kila nikipokea sahani namtazama usoni kama yameanza kuwaka. Yesu alisema tuwapende adui zetu na kuwaombea, hakusema tuwalishe huku tukingoja waungue. Kutoka 23 inasema ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, msaidie. Hilo ningeliweza, Shangazi. Ningemwinua punda nikaenda zangu. Lakini huyu nampelekea chakula kila siku, na kila siku nayaona yale mabati.

Jumapili wazee wa ukoo wamekuja. Kwa kuwa nina roho nzuri, wanasema, nimlipie SHA, ile bima ya afya ya serikali, ya mwaka mzima, shilingi 3,600, aweze kurudi kliniki. Wanajua Ijumaa ni zamu yangu ya kupokea pesa kwenye chama chetu cha kuchangiana. Pesa hiyo nimeichanga niezeke jiko, kwa sababu lile turubai niliweka nyasi juu yake na sasa nyasi zenyewe zinavuja. Huo ni uchoyo? Wao walikuwa uani siku ile. Walitazama.

Sitaki anirudishie mabati. Ataezuaje na mguu mmoja, na akiezua atalowa. Nataka tu aseme, mbele ya walewale waliotazama, kwamba yalikuwa yangu. Basi. Halafu jana usiku nikajikuta naomba asife kabla hajalisema, na nikagundua kwamba nisingekuwa nangoja neno hilo, nisingemwombea hata uzima. Nilishtuka nikawasha taa.

Kwa hiyo chakula hiki ninachompa, mbele za Mungu ni wema au ni kisasi nimekifunika na sahani? Na nikimlipia bila yeye kusema neno, nitakuwa nimempenda, au nitakuwa nimewaambia watoto wangu kwamba baba yao hakuwa na jiko?

Wazee wanarudi Alhamisi. Saa kumi na mbili naweka uji wake mekoni.

Mjane, Malava