Tuponye kijito kwanza, bwawa lisubiri

Ndugu Mhariri,

Kiangazi kikianza kukaza, kwenye mabonde yetu huku Njombe husikika majembe, na siku hizi hata katapila. Watu wanachimba mabwawa. Miparachichi inataka maji, mboga za vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, zinataka maji, na kijito kilichokuwa kikipita nyuma ya nyumba kimebaki tope. Basi mwenye shamba anachimba palepale penye unyevu, kwenye jicho la chemchemi au katikati ya mkondo, akiamini kwamba shimo likiwa kubwa na maji yatakuwa mengi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niwasihi wakulima wenzangu waache. Mimi nilifanya hivyo, na hasara niliiona.

Shamba nililorithi kwa baba ni bonde jembamba lenye chemchemi moja. Enzi zake kingo zote zilikuwa na mianzi ya ulanzi, na pale maji yanapochomoza palikuwa na mivengi miwili mikubwa, miti ya asili inayopenda maji, ambayo hakuruhusu mtu avunje hata tawi. Wanunuzi wa nguzo na mbao walipoanza kupita vijijini, nilikata ile mivengi na kupanda milingoti (mikaratusi) hadi ukingoni mwa maji, kwa sababu kule chini ndiko ilikokua upesi. Ikakua kweli. Baada ya miaka saba hivi chemchemi ikawa inakatika Septemba. Baadaye ikawa Agosti. Ndipo nikaziba mkondo kwa tuta la udongo ili nipate bwawa. Masika yaliyofuata, mwezi wa Machi, mvua ilinyesha siku mbili mfululizo na tuta likapasuka usiku. Maji yalisomba bustani ya jirani yangu wa chini, maharage na viazi, pamoja na udongo mweusi alioutunza kwa mbolea ya ng'ombe miaka mingi. Maharage nilimlipa. Udongo sikuwa na namna ya kuurudisha, na kila nikipita pale naona ule mfereji uliobaki.

Kuhusu milingoti, wengi husema ni maneno ya wataalamu tu. Kuna jaribio lililofanyika Mokobulaan, Afrika Kusini, ambalo kila mwenye bonde angepaswa kulijua. Mwaka 1969 walipanda milingoti kwenye bonde dogo lenye kijito kisichokauka, wakawa wanapima maji. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na umri wa miaka 16, lakini maji hayakurudi mara moja, yalichukua miaka mitano zaidi kutiririka kama zamani. Mizizi ilikuwa imenyonya hata akiba iliyokuwa imehifadhiwa chini ya ardhi, na akiba hiyo ilibidi ijazwe upya na mvua, masika baada ya masika.

Hiyo miaka mitano ndiyo ninayotaka msomaji aikumbuke. Nawajua watu waliong'oa milingoti, wakasubiri kiangazi kimoja, wakaona chemchemi haijabadilika, wakapanda tena. Mimi nami nilikaribia kukata tamaa. Mwaka wa pili baada ya kukata, palikuwa na unyevu tu. Mwaka wa nne maji yalifika Oktoba. Sasa yanavuka Novemba na kukutana na mvua za kwanza, ingawa si mengi kama ya wakati wa baba.

Nilivyofanya si kazi ya fedha nyingi. Nilikata milingoti kwa mistari, si yote kwa mpigo, maana mteremko ukibaki mtupu masika ya kwanza tu hushusha udongo wote kwenye mkondo. Visiki huchipua upesi, kwa hiyo machipukizi lazima yavunjwe tena na tena, kila baada ya wiki chache, mpaka kisiki kife. Kulizunguka jicho la chemchemi niliweka uzio wa miti mikavu ili ng'ombe wasikanyage, na juu yake nikachimba mtaro wa kukinga maji ya mvua yanayoteremka na tope. Ng'ombe wananywea kwenye mbauti, birika la mifugo, niliyojenga pembeni, maji yanafika kwa bomba. Mkondo wenyewe ulikuwa umechimbika ukawa korongo. Humo nilipigilia vigingi, nikapanga mawe na matawi nyuma yake, vizuizi vifupi visivyofika magotini. Kazi yake ni kuyapunguza maji mwendo ili yaache udongo, si kuyafunga. Nyuma ya kila kizuizi sasa pameota nyasi na mimea ya majimaji, na vyura wamerudi. Mke wangu ndiye aliyewasikia kwanza.

Bwawa ninalo pia, sisemi watu wasichimbe. Lakini liko kando, nje ya mkondo. Maji yanaingia kwa mfereji mdogo wenye lango ninalolifunga mvua zikizidi, na kijito kinaendelea na safari yake kwenda kwa walio chini. Kabla ya kuchimba nilifukua shimo la kujaribia, nikalijaza maji jioni, asubuhi nikayakuta. Pale pa kwanza nilipopapenda yalikuwa yamekwisha, nikahama. Tuta usilianzishe juu ya majani na udongo wa juu. Kwangua mpaka ukute mfinyanzi, chimba mfereji wa kulishikizia, kisha panda juu kwa tabaka nyembamba za shubiri moja hivi, kila tabaka ukishindilia kabla ya kuweka jingine. Na utoro wa maji, ile njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi, uwe mpana na uoteshwe ukoka. Tuta langu la kwanza halikuwa na utoro kabisa, na ndiyo maana lilipasuka. Juu ya tuta usipande mti wowote, hata wa matunda, kwa kuwa mizizi ikioza huacha matundu. Anayetaka samaki ajue kwamba kwa baridi ya huku kwetu perege hukua polepole, asipige hesabu za watu wa Ifakara kwenye joto.

Sasa niseme na viongozi wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na bwawa. Ni sheria njema. Lakini mabonde mengi ya huku ni membamba, na mtu mwenye ekari mbili anaweza kukuta shamba lake lote limo ndani ya hizo mita. Anachosikia kwenye mkutano wa kijiji ni "marufuku" na faini. Kwa hiyo anaogopa. Nimesikia wazee wakisema wazi kwamba ukipanda mivengi kando ya maji unajiwekea mpaka mwenyewe, kesho utaambiwa pale si pako. Matokeo yake watu wanalima hadi kwenye maji ili ionekane shamba linatumika.

Hofu hiyo inaweza kuondolewa kwa maneno ya wazi. Kifungu hichohicho kinampa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli zinazoendana na maeneo hayo. Mizinga ya nyuki, majani ya mifugo ya kukatwa kwa fyekeo, miti rafiki wa maji, havidhuru kijito. Serikali ya kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji wakae na wenye mashamba bonde kwa bonde, wawahakikishie kwamba ukanda utabaki mikononi mwao, ila matumizi ndiyo yatakayobadilika. Maji ni ya umma kisheria, hilo halina ubishi, na anayetaka kuyavuta kwa ajili ya bwawa aombe kibali. Ila anayeamka asubuhi kuvunja machipukizi ya visiki ni mwenye shamba. Na faida haiishii kwake. Maji ya mabonde yetu mengi huingia Ruhudji, Ruhudji huingia Kilombero, na Kilombero ndiyo inayoipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, kule kwenye bwawa la umeme la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Ombi langu la mwisho ni la miche. Kwenye vitalu utapata misindano, milingoti na miparachichi, ukiulizia mivengi wanakutazama. Halafu miche ya kugawiwa huletwa karibu na Aprili mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, wakati huku kwetu mvua zinaelekea ukingoni na baridi kali ya Juni na Julai inakaribia. Mche wa Aprili unakutana na sakitu, ile barafu ya alfajiri, ukiwa bado mchanga. Tuleteeni Desemba. Wasioweza kusubiri wafanye kama ninavyofanya: okota tunda la mvengi likiwa bivu, menya, panda kwenye kiriba siku ileile au kesho yake, maana mbegu yake ikikauka haioti. Mwaka huu ninayo miche 40 kivulini, na nusu yake nimemwekea yule jirani wa chini.

Mkulima wa bondeni,
Njombe