Lubumbashi nayo ipewe mpelelezi wake

Bwana Mhariri,

Naomba gazeti lako litenge nafasi kila juma kwa riwaya ya kijasusi ya mfululizo, iliyoandikwa kwa Kiswahili na inayoanzia hapa Lubumbashi.

Wapo wanaozibeza hadithi za namna hii kwamba ni za kupotezea wakati. Mwandishi wa Tanzania Elvis Musiba alipotoa riwaya yake Kufa na Kupona mwaka 1974, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na msomaji wa kawaida alipata kuielewa vita ya ukombozi wa kusini mwa Afrika kwa kumfuata mpelelezi Willy Gamba, pengine kuliko kwa kusikiliza hotuba.

Kinachomrudisha msomaji kwa Gamba kitabu baada ya kitabu si bastola wala wale warembo, ambao kwa kweli wamezidi. Tangu ukurasa wa kwanza tunajua kwamba yeye hafi, maana kisa kingine kinamngoja. Basi hofu yetu inawahamia wanaomzunguka, tukaanza kumshuku kila rafiki, kila mwenyeji mkarimu, kila ofisa anayeijua mno ratiba ya safari yake. Nakala yangu ya Kikosi cha Kisasi, kisa kingine cha Gamba, iliyonifikia kwa mkono wa dereva wa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, haina jalada, na pembeni mwa kurasa zake wasomaji walionitangulia wameandika kwa penseli majina ya wanaomdhania msaliti. Mmoja amefuta jina na kuandika jingine mara tatu.

Lakini katika kitabu hicho Gamba anakuja Kinshasa kama mgeni, na sisi Wakongomani tunakuwa wenyeji wa kisa cha wengine. Mfaransa Gérard de Villiers naye, aliyeandika vitabu 200 vya mfululizo wake wa kijasusi uitwao SAS kuanzia mwaka 1965 hadi alipofariki mwaka 2013, alimfanya shujaa wake kuwa mtu wa ukoo wa kitukufu wa Austria anayetumikia CIA, shirika la kijasusi la Marekani.

Je, sisi tumekosa visa? Lumumba aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, alipokuwa akienda kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Tshombe mwenyewe alitekwa akiwa angani mwaka 1967, ndege ikageuzwa kuelekea Algeria, naye akafia huko mwaka 1969 akiwa bado kizuizini. Mtunzi gani angethubutu kubuni hayo yote kwa mji mmoja?

Waandishi wapo, na wengine wanafundisha katika shule zetu. Na kama unahofia kesi, Bwana Mhariri, mfululizo uanze na ndege hiyo ya mwaka 1967, ndipo usogee taratibu kuelekea siku zetu kadiri ujasiri wa gazeti utakavyoruhusu.

Msomaji wako,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi