Malalamiko: shotigani yenu haifungi bolti, karakana yenu inasingizia vumbi la Karamoja

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja na Karakana,
Tawi la Kampala

YAH: BUNDUKI YA MARISAU SEMI-OTOMATIKI GEJI 12 ILIYORUDISHWA BILA KUTENGENEZWA

Bwana Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kijana wenu wa simu tunaongea naye Kiswahili tangu siku ya kwanza, na mimi mambo ya silaha nilifundishwa jeshini kwa Kiswahili hicho hicho, kwa hiyo hatutapoteana. Mimi ndiye mtunza silaha wa kambi ya uwindaji huku Karamoja, kambi yenye leseni, tunapokea wageni wanaokuja kuwinda kanga na kwale. Bunduki zote za kambi zinapita mkononi mwangu asubuhi zikitoka na jioni zikirudi.

Nimepokea barua pepe yenu ya kusema bunduki ni nzima, kwamba shida ni "matunzo mabaya na vumbi" na kwa sababu hiyo waranti haifanyi kazi. Hiyo siikubali, na nitawaeleza kwa nini siikubali, naomba barua hii isomwe na fundi mwenyewe sio mtu wa mauzo peke yake.

Shida iko hivi. Mgeni akifyatua, ganda linatoka vizuri, tena linaruka mbali kabisa upande wa kulia. Risasi inayofuata inapanda kutoka magazini, inaanza kuingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, halafu bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, inasimama milimita chache kabla ya kufika mwisho. Haijafunga. Mgeni anabonyeza traiga, kimya, anaigonga bolti kwa kiganja ndio inaingia. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, sasa hivi bunduki ikipata moto kidogo ni karibu kila risasi ya tatu, na hii ni bunduki mliyotuuzia mpya kwenye boksi, kwa mamilioni ya shilingi, risiti mnayo nakala.

Sasa bwana meneja, mtu yeyote aliyeshika shotigani ya gesi anajua kwamba kukwama sio kwa aina moja. Baruti ikiungua, sehemu ya gesi inapita kwenye matundu madogo ya mtutu, inasukuma pistoni, pistoni inarudisha bolti nyuma na ganda linatupwa. Kazi ya gesi inaishia hapo. Kurudi mbele, kubeba risasi mpya na kufunga ni kazi ya springi ile ndefu iliyo ndani ya bomba kwenye kitako. Kwa hiyo kama matundu yangekuwa yameziba masizi, au oringi ya gesi, ile pete ya kuzuia gesi isivuje, imekatika, au risasi ni nyepesi mno, dalili ingeonekana kwenye ganda, lingetoka kinyonge linaanguka miguuni mwa mpigaji au lingebanwa mlangoni. Letu linaruka kwa nguvu zote. Gesi ipo ya kutosha. Kinachoshindwa ni kurudi, na bado karakana yenu ikanibadilishia oringi ya gesi, ikanitoza sente ya oringi na ya sevisi, ikasema kazi imekwisha.

Kabla sijaileta kwenu nilifanya jaribio ambalo hata nyinyi mnaweza kulifanya hapo kaunta. Bunduki tupu, magazini tupu, chemba nimeangalia kwa macho na kwa kidole mara mbili. Mdomo juu, unavuta bolti nyuma halafu unaiachia polepole ukiisindikiza kwa mkono. Springi yenye afya inaipandisha bolti mpaka inafunga yenyewe, hata ikipingana na uzito wa chuma. Ya kwenu inapanda, inachoka, inasimama pale pale inaposimama porini. Hapo hakuna risasi, hakuna gesi, hakuna baruti, chemba haina kitu. Nikatoa kifaa chote cha traiga nikarudia, hali ni ile ile. Nikapangusa njia za bolti zikang'aa nikatia tone jembamba la mafuta, ile ile. Sasa imebaki nini kama sio springi iliyolegea, au bomba lake lenye kutu ama mafuta yaliyoganda ndani?

Niliwaandikia haya yote kwenye karatasi nikaifunga na bunduki. Niliandika wazi: fungueni kitako, toeni springi, iwekeni sambamba na springi mpya mpime urefu, safisheni bomba. Sikufungua mwenyewe kwa sababu kadi yenu ya waranti inakataza, inasema kitako kinafunguliwa na fundi aliyeidhinishwa tu. Nikaheshimu. Bunduki iliporudi, kitu cha kwanza nilichotazama ni skrubu za mpira wa kitako na vichwa vyake vilikuwa bado vimejaa vumbi lile lile ambalo bunduki ilitoka nalo huku, limekaa limekauka, hakuna bisibisi iliyogusa. Picha nimeambatisha. Yaani mlichoombwa kufungua hamkukifungua, halafu mkaandika "imekaguliwa yote".

Na mlichogusa mmekiharibu. Nilipotoa mkono wa mbele nikakuta pistoni na bomba la magazini vinachuruzika mafuta. Nani amewafundisha hivyo? Pale ndipo gesi ya moto inapopita, mafuta yakikutana na masizi yanageuka gundi nyeusi, na kwa vumbi la huku yanakuwa msasa. Pistoni inataka kuwa safi na kavu, au kitambaa chenye harufu tu ya mafuta. Tena bunduki ikisimamishwa mdomo juu kwenye raki na mafuta mengi namna hiyo, yanashuka polepole yanaingia kwenye mbao ya kitako na ndani ya bomba la springi, yanakamata uchafu, na hiyo ndiyo namna moja ya kuiua springi. Ndio maana ghalani kwangu bunduki ikitoka kusafishwa inalala kwanza mdomo ukiwa chini.

Matunzo mabaya mnayosema ni yapi basi? Kila jioni baada ya kupiga ninaifungua, mtutu unapigwa brashi ya shaba na solventi mpaka kitambaa kinatoka cheupe, chemba ina brashi yake peke yake maana plastiki ya risasi huacha utando pale na ganda likivimba linang'ang'ania. Matundu ya gesi nayasafisha kwa waya laini uliovikwa pamba, siyachokoi na msumari wala kuyatoboa maana tundu likipanuka gesi inazidi na bolti inaanza kujipiga nyuma. Ndoano ya kuvutia ganda naikagua kama ncha imelika. Springi ya magazini naijaribu kwa risasi bandia za mazoezi. Daftari liko, kila bunduki ina ukurasa wake na tarehe, afande wa polisi akija kukagua ghala ndilo analoanza kuliomba. Njooni mlisome.

Na kama ni vumbi, nielezeni hii. Kwenye ghala hilo hilo tuna mzee mmoja, Browning Auto-5, ile muundo wake John Browning alipata hataza mwaka 1900 na kiwanda cha FN cha Ubelgiji kikaanza kuitengeneza mwanzoni mwa karne ile. Mfumo wake ni tofauti, haitumii gesi, mtutu wenyewe unarudi nyuma pamoja na bolti, unachohitaji ni kupanga zile ringi za msuguano kulingana na uzito wa risasi na kuangalia springi zake. Inatoka gari moja na yenu, inapita njia moja, inakula risasi kutoka boksi moja, gramu 32 zile zile, inasafishwa na mikono hii hii. Haikwami. Vumbi la Karamoja lingekuwa ndio mchawi lingeanza na yule mzee.

Jambo linalofuata ndilo limenifanya niandike barua badala ya kupiga simu tena. Nilipolalamika mara ya pili, mtu wenu wa mauzo aliniambia ninunue risasi ndefu zenye nguvu, za milimita 76, ati zitaisukuma bolti vizuri. Bwana meneja, mtutu wa bunduki hii umepigwa chapa 12/70, yaani geji 12, chemba ya milimita 70! Ule urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda likishafunguka, sio linapokuwa limekunjwa kabla ya kupigwa. Kwa hiyo risasi ya 76 inaweza kuingia kabisa kwenye chemba ya 70, inafunga, mtu anaona inafaa, halafu ikipigwa mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka, presha inapanda kupita kiasi. Hapo unaongelea mtutu na macho na vidole vya mtu. Mimi najua kusoma chapa, je mwingine aliyeambiwa hivyo hivyo hapo kaunta kwenu? Nataka huo ushauri ufutwe, na kila mteja aliyeuziwa shotigani ya 12/70 aandikiwe asitumie 76. Hili naliweka mbele ya pesa yangu.

Mnaweza kusema bolti isipofunga bunduki hailii, hivyo hakuna hatari. Ni kweli bunduki nzuri haipigi kabla bolti haijajifunga, lakini hatari haiko kwenye chuma peke yake. Huku tunatembea mstari, katikati ya wageni kuna vijana wa vijiji vya hapa wanaofukuza ndege kwenye vichaka. Mgeni akisikia kimya anaishusha bunduki, anaigeuza atazame dirisha la kutolea ganda, anaanza kugonga bolti, na mdomo unapita kwenye tumbo la kijana aliye pembeni. Sheria ya kambi ni kwamba ikikataa kulia unaiacha imeelekea mahali salama, unasubiri sekunde 30 kwa sababu risasi huwa inaweza kuchelewa kuwaka, ndio unatoa. Lakini bunduki inayokataa kila mara inamzoesha mtu kudharau sheria hiyo, anaanza kugonga bila kusubiri. Nimeiondoa kazini. Wale vijana nawajua mpaka mama zao, siwezi kuwaweka mbele ya kitu nisichokiamini.

Tena mjue kuleta bunduki Kampala sio sawa na kuleta simu ikabadilishwe kioo. Huku operesheni ya kunyang'anya silaha, ile ya Usalama kwa Wote, ilianza 2021, na kabla yake ilikuwepo ya 2001 na ya 2006. Mtu mwenye bunduki barabarani anaulizwa maswali, na ni haki aulizwe. Mimi lazima niwe na vibali mkononi, nitoe taarifa polisi kabla ya kutoka, niende kwa gari la kambi sio basi, nisimame kila kizuizi nieleze upya, kutoka Moroto mpaka nifike kwenu ni mafuta, posho ya dereva na kulala. Safari yote hiyo nimeifanya bunduki ikabadilishwe oringi isiyokuwa na shida.

Kazi hii yetu yenyewe ni ya kuchungwa. Uwindaji wa wageni ulifungwa Uganda miaka mingi, ukarudi kwa majaribio 2001 kwenye mashamba ya kando ya Ziwa Mburo, na leo unasimama chini ya sheria ya wanyamapori ya 2019. Ajali moja tu ya bunduki kambini na leseni iko mashakani na vijana wote hao wanakosa kazi.

Ninachotaka ni hiki. Kitako kifunguliwe mbele ya macho yangu, springi itolewe ipimwe na mpya, ibadilishwe, bomba lisafishwe, na tulifanye lile jaribio la mdomo juu pamoja kabla sijatia sahihi popote. Pesa ya oringi na ya sevisi irudi, na gharama ya safari ya kwanza tuikae mezani. Ile barua pepe ya "matunzo mabaya" ifutwe kwa maandishi, kwa sababu inakaa kwenye faili la bunduki na kesho afande akiisoma ni jina langu linalochafuka. Springi za kurudisha bolti ziwekwe kwenye stoku ya Kampala, haiwezekani muuze bunduki ambayo spea yake ya kawaida kabisa mpaka iagizwe Ulaya. Na mtupe mwongozo wa ufundi wenye mchoro wa kila kifaa, ule kitabu cha kwenye boksi kinaonyesha namna ya kutoa mtutu na kuufuta, basi. Mkiuweka kwa Kiswahili utawafaa watunza silaha wengi hapa nchini, maana askari na polisi wengi tumesomea silaha kwa lugha hii, nami niko tayari kuusahihisha bure.

Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 14, likitaja jina la fundi atakayeifungua na tarehe, ili niombe kibali cha kusafirisha kwa tarehe hiyo hiyo. Bunduki itabaki ghalani imefungiwa, bila risasi, na kikaratasi chekundu kwenye mlinzi wa traiga kinachosema isitolewe. Nikikosa jibu nitapeleka faili lote, pamoja na picha za skrubu na maelezo ya ushauri wa risasi za 76, kwa ofisi ya polisi inayoshughulika na leseni za silaha na pia kwa kiwanda kilichoitengeneza.

Ahsante,

Mtunza silaha,
Kambi ya uwindaji, Karamoja

Viambatisho: nakala ya risiti na kadi ya waranti, picha za skrubu za kitako na za pistoni, kurasa za daftari la matunzo, nakala ya karatasi ya maelekezo niliyoifunga na bunduki.