Barua kwa Rashidi: kisa cha John Willes

Maidstone, Kent

Mpendwa Rashidi,

Assalaam aleikum, ndugu yangu. Huku sote wazima, ila baridi imezidi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale uliposema mwamuzi amekukatalia mipira kwa sababu ya mkono wako, na kwamba kriketi basi, niliumia sana.

Jumapili nikaenda Sutton Valence, kijiji cha jirani, alikozikwa John Willes, mchezaji kriketi wa zamani. Alizaliwa Headcorn, hapa hapa Kent, mwaka 1778, akacheza kwa ridhaa, bila kulipwa. Enzi hizo mpira ulirushwa mkono ukiwa chini, mithili ya mtu anayebingirisha nazi. Yeye akaunyanyua hadi usawa wa bega. Husimuliwa kwamba alimwiga dada yake, Christina, aliyekuwa akimrushia mpira ghalani, gauni pana likimzuia kupitisha mkono chini. Porojo tu hiyo! Magauni ya miaka ile yalikuwa membamba. Kama dada alirusha hivyo, basi aliona ndivyo mpira unavyokwenda vizuri, nami napenda apewe haki yake.

Mwaka 1807 Willes alirusha hivyo Penenden Heath, mwendo wa miguu tu kutoka ninapokaa. Wengine wakawa hawakubali mechi mpaka waahidiwe kwamba yeye hatarusha. Kuna siku watazamaji waliingia uwanjani wakang'oa wiketi, vile vijiti vinavyolengwa na mpira. Mwaka 1816 sheria ikaupiga marufuku mtindo wake, naye hakuuacha.

Tarehe 15 Julai 1822, Kent ikicheza na MCC, klabu iliyokuwa ikitunga sheria za kriketi, pale Lord's, uwanja wao wa London, mwamuzi Noah Mann akautangaza mpira wake kuwa batili. Willes akautupa chini, akapanda farasi wake, akaenda zake. Mechi kubwa hakucheza tena.

Mwaka 1835 MCC hao hao wakaruhusu mkono ufike begani. Mwaka 1864 wakaruhusu upite hapo. Willes alifariki 1852, kwa hiyo ruhusa ya kwanza aliiona, akiwa na miaka 57. Kila nikiifikiria miaka hiyo 13 tangu aondoke Lord's roho inaniuma.

Wewe, Rashidi, una miaka 24. Tena siku hizi hakuna anayekukataza kuinua mkono. Kinachoangaliwa ni kwamba kiwiko kilichopinda kisinyooke mkono ukishafika begani, hadi uachie mpira, na hilo hurekebishika. Mwambie mdogo wako asimame ubavuni kwako, akurekodi video ukirusha mipira kumi, unitumie kabla ya Ijumaa. Nitaitazama mmoja mmoja.

Msalimie sana mama.

Ni mimi ndugu yako,
Salim