Ngozi ya makubadhi ipimwe kabla ya kukatwa

Mhariri,

Mafundi wengi wa makubadhi hapa Lamu huipima ngozi kwa kuivuta na kuikunja ili waone kama uso wake unapasuka, na ujuzi huo siudharau, lakini mkono hautoi tarakimu ambayo mnunuzi wa mbali ataitegemea. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3376 hutaka kipande kivutwe kwa mashine mpaka kikatike, kisha iandikwe nguvu iliyotumika na kadiri kilivyorefuka.

Kubwa zaidi ni mahali kipande kinapotolewa. Ngozi ya mgongoni, hasa kuelekea matakoni, ni imara na haivutiki ovyo, ilhali ya tumboni ni legelege, na gidamu iliyokatwa huko hurefuka hadi mguu ukacheza ndani ya kiatu. Unyevu nao huigeuza ngozi. Ndiyo maana maabara huiweka kwanza katika nyuzi 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, hali ambayo kwa joto letu la Pwani haipatikani bila kiyoyozi.

Naiomba serikali ya kaunti inunue mashine moja, iwekwe katika chuo cha ufundi, na mafundi walipie kila kipimo.

Fundi wa ngozi,
Langoni, Lamu