Dada, kabla hujahamia huku jangwani

Dada, shikamoo.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei tangu Ramadhani, na ujumbe nikikutumia unausoma ukanyamaza. Mwanao mkubwa ndiye aliyeniambia kwamba unauliza bei za nyumba Arizona. Hakukusudia kukusengenya. Mtoto alifurahi, akadhani tumepatana. Usimgombeze.

Basi nitakujibu mimi, maana hao wengine watakwambia kwamba maisha huku ni rahisi na jua linawaka mwaka mzima, nawe utafunga mizigo. Jua linawaka kweli. Hilo la urahisi ndilo nataka tukae tulizungumze, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa.

Tuanze na pango. Nilipoondoka huko kwenu Minnesota Oktoba 2022, ile nyumba yangu ya St. Paul nilikuwa nailipia dola 1,350. Huku Arizona, upande wa magharibi wa jiji la Phoenix, vyumba viwili vilevile nilianza kwa 1,480, na juu yake kodi ya jiji iliyokuwa ikitozwa kwenye pango, mpaka jimbo lilipoifuta Januari 2025. Bima ya gari ilipanda. Betri ya gari, ambayo huko huuawa na baridi, huku huuawa na joto, nimeshabadilisha mbili. Nguo zinatozwa kodi, kwenu hazitozwi. Bili ya umeme ya Februari ilikuwa dola 74, ya Julai 318. Kwa hiyo usidanganyike na mtu anayekutumia picha ya bili yake ya Februari.

Kwenu msimu wa kuogopa bahasha ni Januari, huku ni Julai. Kwenu sheria inawalinda watu wasikatiwe hita majira ya baridi, na huku kampuni yangu hairuhusiwi kunikatia umeme kwa deni kuanzia Juni 1 hadi Oktoba 15. Deni lenyewe halifutwi, linakungoja Oktoba.

Upande wa nafuu ni kodi ya mapato. Tangu 2023 Arizona inatoza kila mtu asilimia 2.5, wakati kwenu inaanzia 5.35 na kupanda hadi 9.85. Makoti na viatu vya theluji vya watoto, vilivyokuwa vikinimaliza kila Oktoba, sinunui tena. Nimekaa na daftari nikajumlisha mwaka wote wa 2023, nikatoa, nikajumlisha tena. Kilichobaki mkononi kuliko ambavyo ningebaki nacho Minnesota ni kama dola mia tisa.

Mia tisa kwa mwaka mzima, dada. Nani anamhamisha mama yake kwa mia tisa?

Najua zile asilimia nilizitangaza mwenyewe. Nilikupigia siku ile nikiwa nimepata barua ya mshahara, nikakusomea, nikacheka. Ulikaa kimya, ukasema, "Haya, hongera." Sikujua kwamba ulikuwa unaniwekea. Miezi sita baadaye, mama amelazwa, nimesimama kwenye korido ya hospitali na viatu vya kazini, ukaniambia kwenye simu, "Umemuuza mama kwa asilimia mbili na nusu." Nikakata. Wewe unasema nilikata kwa kiburi. Nilikata kwa sababu nesi alikuwa ananiita.

Nilimleta huku kwa sababu ya miguu yake. Wewe ulikuwa unaondoka alfajiri, humwoni anavyoamka. Mimi nilikuwa napita kwako saa mbili asubuhi nikitoka zamu ya usiku, namkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anajikanda magoti, anangoja mtu wa kumsimamisha. Baridi yabisi ilimkaa kwenye viungo. Unaikumbuka Januari 30, 2019, baridi ilipofika nyuzi 28 chini ya sifuri za Farenhaiti, hata posta wakasimamisha kazi? Ulimfunika makoti matatu, pamoja na lile la kijani, ukampikia uji wa pilipili manga, ukamlisha kwa kijiko. Siku hiyo nilikupenda kuliko siku zote. Na siku hiyohiyo mama aliniuliza, wewe ukiwa jikoni, "Mwanangu, hakuna Marekani nyingine?"

Ipo Marekani nyingine, na nikampeleka.

Majira ya kwanza ya baridi huku alitembea. Nilikutumia video, yule mama anayezunguka bwawa la samaki bila mkongojo. Asubuhi za Desemba ni kama Lushoto, mchana jua ni la upole. Alipanda bamia kwenye ndoo nyuma ya nyumba, akapanda mndimu kwenye pipa. Jirani yetu Mkongo, mama wa Bukavu, alikuwa akimletea sombe, mama anamwambia hiki ni kisamvu, mwenzake anasema hapana mama, ni sombe, wanashindana mpaka chakula kinapoa. Alikuwa akitaka kukupigia kila saa, nami kila mara namkumbusha kwamba Arizona saa hazibadilishwi, kwa hiyo nusu ya mwaka mmetutangulia saa moja na nusu nyingine saa mbili. Ndiyo maana alikuwa akikuamsha. Ulikuwa unamkaripia kidogo. Hilo nimelisamehe, nalitaja tu.

Joto la huku si la nyumbani, lazima nikueleze vizuri kwa sababu utaleta watoto. Joto la Tanga lina maji ndani yake, unatoka jasho, upepo wa bahari unakupoza. Huku jasho hulioni, linakauka kabla halijateremka, na mtu hujijua amekaukiwa pale kichwa kinapoanza kuzunguka. Mvua ya Phoenix mwaka mzima ni kama milimita 180, ile ambayo kwetu masika huimwaga kwa siku chache. Maji ya bomba ya baridi mwezi wa Julai yanatoka ya moto. Usishike kifungo cha mkanda wa gari bila kitambaa. Mtoto asitoke bila viatu hata hatua tatu, lami inababua ngozi. Na dhoruba ya vumbi ikija, ule ukuta wa kahawia unaoziba mbingu, egesha gari nje kabisa ya barabara na uzime taa zote, maana wa nyuma huzifuata taa akidhani bado unakwenda.

Mwanao wa mwisho, yule mwenye pumu, mwambie daktari kabla hamjahama kuhusu homa ya bonde. Ni kuvu wa udongoni, hupanda na vumbi, mtu akiuvuta unaweza kumkaa mapafuni akadhaniwa ana kikohozi cha kawaida.

Sasa 2023. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, siku 31 mfululizo, Phoenix haikukosa kufika nyuzi 110 za Farenhaiti, yaani 43 za Selsiasi za kwetu. Usiku nao ulikataa kupoa, saa nane za usiku ni nyuzi 90 na zaidi. Kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu watu 645 waliokufa kwa sababu zilizohusu joto mwaka huo, na wengi wa waliofia ndani walikutwa katika nyumba ambazo kiyoyozi hakikufanya kazi. Katikati ya siku hizo cha kwetu kikafa. Nilimpigia mwenye nyumba asubuhi, akasema fundi anakuja. Jioni, fundi anakuja. Siku ya pili, fundi anakuja. Nikafunika madirisha kwa karatasi za jikoni zinazong'aa, nikalowesha kanga, nikamlaza mama sakafuni kwenye vigae. Mchana nikampeleka maktaba, tukakaa mpaka wanafunga. Siku ya tatu alianza kuniita kwa jina la marehemu baba, nikampeleka hospitali.

Jijini Phoenix mwenye nyumba aliyeweka kiyoyozi anatakiwa na sheria ahakikishe kinaweza kupoza chumba hadi nyuzi 82. Sikuijua sheria hiyo. Ningeijua ningekuwa nimegonga mlango wa ofisi ya jiji siku ya kwanza. Wewe iandike mahali, na kabla hujatia saini mkataba wowote, washa kiyoyozi, kaa chini yake saa nzima, uliza kina umri gani.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku nne, akaishi mwaka mmoja na miezi minane mingine. Alikula, alilima bamia zake. Moyo wake ulisimama mwezi wa Machi, usiku wa kuamkia Ijumaa, hewa imetulia na michungwa yote ya mtaa imetoa maua. Daktari alikueleza wewe mwenyewe kwa simu. Joto halikuwemo. Lakini wewe ulikuwa umeshahukumu tangu ile Julai.

Ulifika siku ya pili baada ya maziko. Mlango ulikuwa wazi, viatu vimejaa kibarazani, kina mama wa Kikongo na wa Kisomali wameketi kwenye mikeka wanasoma. Walinyanyuka kukupokea. Hukumtazama mtu. Hukunitazama mimi. Ulipita katikati yao na mkoba wako begani, ukaenda moja kwa moja ukutani, kwenye kile kidude cha kiyoyozi, ukasogeza uso, ukasoma. Ulisimama pale muda mrefu. Kidude chenyewe kilikuwa kimezimwa, madirisha yote yako wazi, kilionyesha joto la chumba tu. Mama wa Bukavu alikuwa amenyoosha mkono akushike, mkono ukabaki hewani. Kisha ukageuka ukasema "Poleni," ukatoka.

Ukaenda kulala hotelini. Mama yetu amekufa, mwezi wa Ramadhani, na binti yake mkubwa anafuturu peke yake hotelini, dakika kumi kutoka kwenye mkeka wa msiba. Watu waliniuliza. Nikasema umechoka na safari.

Nitakwambia kilichokuwa kwenye kidude kile, maana ulikuwa unakitafuta. Mpango wa umeme nilioutia saini unatoza ghali kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni, siku za kazi. Saa hizo nilikuwa nakipandisha hadi 84. Ndiyo. Mwaka 2023, kabla hakijaharibika, nilikuwa nafanya hivyo. Watu wengi huku hufanya hivyo. Unapoza nyumba sana mchana, halafu unaiacha jioni. Na mama mwenyewe alikuwa akiniambia, "Punguza hii baridi ya mashine, inanirudishia magoti." Alikuwa akijifunga kanga mbili ndani ya nyumba mwezi wa Juni. Huwezi kumwuliza sasa, nami sina shahidi isipokuwa jirani, ambaye hukumpa mkono.

Baada ya ile Julai sikukipandisha tena hata siku moja. Nililipa ile 318, na Agosti 340, nikachukua zamu za Jumapili.

Na mimi je? Januari 2022 mama aliteleza kwenye barafu mlangoni kwako akavunjika kifundo cha mkono. Chumvi haikuwa imemwagwa. Nilipokuja sikuangalia ngazi, nilikuangalia wewe, ulikuwa umekaa sakafuni umemshika kichwa unalia. Nikakwambia si kosa lako, ni nchi hii. Nilimaanisha, na mpaka leo namaanisha. Ningetaka mtu aniambie hivyo nami.

Sijui kama unataka kuja kwa sababu ya bei au kwa sababu kaburi liko huku. Kama ni bei, nimekupa daftari langu lote, kaa nalo na mumeo, na shemeji mwambie mishahara ya kutunza wazee huku haizidi ya kwenu. Kama ni kaburi, huhitaji kuhama ili ulizuru.

Usije Julai. Ramadhani ijayo inaingia mwezi wa Februari, wakati huku nyumba haihitaji hita wala kiyoyozi. Tende nitanunua za Yuma, zile kubwa alizokuwa akizipenda. Zile alizokuwekea Machi, kwenye kopo aliloliandika jina lako kwa kalamu ya bluu, bado ziko frijini. Hakuna aliyezigusa.

Nitumie tarehe nije kukupokea uwanja wa ndege. Hoteli usilipie.

Mdogo wako