Kupangisha Nyumba kwa Shirika la Makazi ya Usaidizi: Mambo ya Kukaguliwa Kabla ya Kutia Sahihi

Masika yanapoingia Malindi na wageni wakaondoka, nyumba nyingi za Casuarina, Mayungu na hata za katikati ya mji hubaki na mlinzi peke yake hadi msimu urudi. Miezi hiyo ndiyo ambayo wenye nyumba hufika ofisini kwetu kuuliza kuhusu mashirika yanayotafuta nyumba za kukodi kwa muda mrefu, kwa ajili ya watu wanaohitaji mahali pa kuishi pamoja na mtu wa kuwasaidia: vijana wenye ulemavu wa akili ambao wazazi wao wamezeeka, watu wanaojinasua na unga, yaani heroini, wanawake waliokimbia vipigo, na wazee waliohama vijiji vyao katika Kaunti ya Kilifi baada ya kusingiziwa uchawi. Swali lao la kwanza huwa ni kodi kiasi gani. Sisi huanzia kwingine: ni nani hasa atakayelipa, fedha zake zinatoka wapi, na zinakwisha lini.

Katika upangaji wa namna hii, anayetia sahihi siye anayelala ndani. Shirika ndilo mpangaji. Ndilo linalodaiwa kodi, ndilo linalowajibika kioo kikivunjika, na ndilo litakalorudisha funguo. Wakazi wanaishi humo kwa makubaliano yao na shirika, na mwenye nyumba hana mkataba nao. Utaratibu huu unampunguzia mwenye nyumba kazi ya kuwafuata wakazi watano au sita kila mwanzo wa mwezi, lakini pia unamfunga, kwa kuwa hawezi kumwamuru mkazi ahame wala kuingia ndani apendavyo kwa sababu tu nyumba ni yake.

Wengi wanaotuuliza wamesoma habari za Uingereza, ambako mwenye nyumba huikodisha kwa chama cha makazi kwa miaka mingi na sehemu kubwa ya kodi hutokana na mafao ya makazi yanayolipwa na serikali. Hata huko mambo hayakunyooka. Mwaka 2019 mamlaka inayosimamia makazi ya jamii nchini humo ilionya juu ya udhaifu wa kifedha wa vyama vilivyojifunga kwa mikataba mirefu ya kukodi nyumba, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria mahususi ya kusimamia makazi ya usaidizi. Kwetu Kenya hakuna mafao ya aina hiyo. Fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, zimekusudiwa kumkimu mlengwa na hazifiki popote karibu na kodi ya nyumba ya vyumba vinne. Mlipaji wa kweli huwa ni mfadhili, kanisa, msikiti, au familia za wakazi zilizochanga.

Mfadhili naye hana mkataba na mwenye nyumba. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya afya nchini ilijikuta bila fedha katika muda wa siku chache, na ofisi zilizokuwa zikilipa kodi bila kukosa zikaanza kuomba kuvumiliwa. Ndiyo maana tunaliomba shirika lituonyeshe barua ya ufadhili kabla hatujamwita fundi wa rangi. Mradi uliobakiza miezi 14 hauwezi kubeba mkataba wa miaka 5, hata mkurugenzi wake awe mwaminifu namna gani. Tunapendelea mkataba wa muda ule ule ambao fedha zipo, wenye kifungu cha kuurefusha, pamoja na kifungu kinachoruhusu kila upande kuuvunja kwa notisi ya miezi mitatu iwapo ufadhili utakatika. Dipoziti iwe ya miezi miwili au mitatu, na kodi ilipwe mwanzoni mwa kila robo mwaka. Shirika likikubali kulipa zaidi ya bei ya mtaa lakini likakataa kuonyesha chanzo cha fedha, ushauri wetu ni kulikataa.

Tunaomba pia cheti cha usajili. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na shirika lililo sawa halitasita kueleza limesajiliwa chini ya sheria ipi. Pamoja na cheti, tunataka nakala ya azimio la bodi linalomtaja mtu aliyepewa mamlaka ya kutia sahihi, kwa sababu meneja wa mradi anaweza kuhama kesho akamwachia mwenye nyumba mkataba usiotambuliwa na mtu.

Kuhusu ada na kodi za serikali, tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 45,000 kwa mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Ushuru wa stempu kwa mkataba wa miaka 2 ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, shilingi 5,400. Kwa mkataba wa miaka 5 ni asilimia 2, shilingi 10,800. Kwa desturi mpangaji ndiye anayeulipa, ila iandikwe. Mkataba unaozidi miaka 2 unapaswa kusajiliwa katika masjala ya ardhi, na hapa ndipo wengi wa pwani wanapokwama, kwa maana kuna mwenye nyumba asiye mwenye ardhi, aliyejenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine na kumlipa ada ya kiwanja mwaka hadi mwaka. Huyo asiahidi mkataba mrefu kabla ya kuzungumza na mwenye ardhi na wakili. Kodi ya mapato ya nyumba ya makazi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kwa anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa KRA, mamlaka ya ushuru, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Katika mfano wetu ni shilingi 3,375 kila mwezi, na haipunguzwi na gharama za ukarabati.

Nyumba yenyewe tunaikagua tukiwa na utepe wa kupimia. Milango mingi ya vyoo na mabafu tunayoikuta ina upana wa sentimita 60 au 70, ilhali kiti cha magurudumu cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 65 hivi, bado mikono ya anayekisukuma. Kuupanua mlango hadi sentimita 90 katika ukuta wa mawe ya matumbawe si kazi ya asubuhi moja, maana jiwe hubomoka zaidi ya pale fundi alipopiga alama. Nyumba zenye baraza mbele zina tatizo lake. Baraza lililoinuka sentimita 15 tu linahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa mita 1.8 ili mtu apande bila kusukumwa kwa nguvu. Likiinuka sentimita 45, ni mita 5.4, na viwanja vingi vya Shella havina nafasi hiyo.

Kisha madirisha. Karibu kila dirisha la Malindi lina grili iliyochomelewa moja kwa moja ukutani, na kwa nyumba ya familia watu wameizoea. Kwa nyumba wanamolala watu wasioweza kukimbia upesi, tunataka grili moja katika kila chumba cha kulala ifunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo, na bawaba zake zipakwe grisi mara kwa mara, kwa kuwa chumvi ya bahari huzila hadi zikagoma. Nyumba za makuti hatuzipangishi kwa kazi hii kabisa. Zinapendeza na zina ubaridi, lakini cheche moja ya jikoni inatosha.

Maji yahesabiwe. Wakazi sita na wahudumu wawili, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, ni lita 400. Tanki la lita 1,000 litakauka siku ya tatu mifereji ikikatika. Maji ya kisima chenye chumvi yatasaidia chooni, hayatasaidia jikoni. Shimo la choo nalo huwa lilichimbwa kwa familia moja, kwa hiyo mkataba useme ni nani anayeita gari la kunyonya maji taka na mara ngapi.

Mahali nyumba ilipo huamua mengi kuliko uzuri wake. Hospitali ya Malindi imekuwa na kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha heroini, tangu 2015, na dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Nyumba nzuri ya Mayungu yenye bustani humtaka mkazi alipe nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, ilhali nyumba ya kawaida ya Barani inamwezesha kwenda kwa miguu.

Majirani wataarifiwe mapema kupitia mzee wa mtaa na Nyumba Kumi, na atakayezungumza nao awe shirika lenyewe. Waelezwe ni nyumba ya aina gani, itasimamiwa na nani, na simu ipigwe wapi usiku kukiwa na kelele. Wasielezwe ni nani anaumwa nini. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwenye nyumba hana haki ya kudai orodha ya majina na maradhi ya wakazi. Anachoweza kudai ni idadi ya watu, majina ya wahudumu wa zamu, na ukaguzi wa nyumba baada ya taarifa ya saa 24.

Yote haya yanahusu nyumba ya kuishi. Shirika likitaka kutoa tiba ya uraibu ndani ya nyumba, hicho ni kituo cha tiba: kinahitaji kibali cha NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na kaunti itataka kibali cha kubadilisha matumizi ya kiwanja chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kifungu cha matumizi kiandikwe waziwazi, ili mwenye nyumba asishtukie bango la kliniki getini.

Mwisho ni makabidhiano. Tunapiga picha kila chumba, kila swichi na kila kitasa, pande zote mbili zinatia sahihi, na picha hizo hizo ndizo zinazotumika siku ya kurudisha nyumba. Paa, kuta, mabomba yaliyo ndani ya ukuta na pampu ni juu ya mwenye nyumba. Rangi, vitasa, vioo na mabadiliko waliyoyafanya ni juu ya shirika. Njia ya mteremko na mlango uliopanuliwa tunapendekeza vibaki bila kubomolewa, mradi vimejengwa vizuri. Anayetaka nyumba yake ikaguliwe alete nakala ya hati ya kiwanja au makubaliano yake na mwenye ardhi, PIN ya KRA, na bili za karibuni za maji na stima.